Silinda ya Tatu

Jumatano asubuhi, kabla chai haijapoa, Fundi Sikio alifungua boneti ya gari la kituo cha afya kwa mara ya tisa mwaka huo. Lilikuwa gari la zamani, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, lenye injini ya petroli ya silinda sita, na lilikuwa likibeba wagonjwa kwenye njia za mawe tangu yeye mwenyewe akijifunza kushika spana. Ugonjwa ulikuwa uleule: injini inamisi. Kwenye mlima inakata, inashtuka, inarudi, kama mtu anayetembea na mwiba mguuni.

Jina la Sikio hakupewa bure. Mafundi wengine hukimbilia kubadilisha vitu. Yeye huweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini, mpini sikioni, akafumba macho. Kisha huchomoa nyaya za plagi, mmoja mmoja, injini ikinguruma. Ukichomoa waya wa silinda nzima, injini inalegea, na ukichomoa wa silinda iliyokufa, haibadiliki kitu. Alichomoa wa kwanza, ikalegea. Wa pili, ikalegea. Wa tatu, injini ikaendelea vilevile, haina habari.

"Tatu tena," alimwambia dereva.

"Si nilikwambia," dereva alisema.

Hakukuwa na kitu ambacho Fundi hakukijaribu. Alibadilisha plagi, waya na koili, akafungua kabureta, akapima mgandamizo, akarekebisha vali. Mwezi wa saba waliishusha injini yote wakaweka nyingine, iliyotoka kwenye gari la watu wa misitu. Ilinguruma vizuri siku moja. Siku ya pili silinda yake ya tatu ikanyamaza. Plagi ya hapo ilitoka baridi hata baada ya mwendo wa saa tatu, safi, ungedhani ndiyo kwanza imetolewa kwenye boksi.

Na kulikuwa na lile la sauti. Katika pengo ambapo silinda ya tatu ilipaswa kuwaka, mwanamke alikuwa akiuliza, "Limefika?" Dereva hakulitaja mapema kwa sababu hakuona kama ni jambo la fundi.

"Anauliza kila mlima," alisema. "Mimi humjibu, 'bado kidogo.' Wagonjwa nao humjibu. Nikinyamaza gari linazima, sasa nifanyeje?"

Fundi aliweka mpini sikioni akamsikia. Ilikuwa sauti ya wifi yake, mke wa kaka yake mshonaji, aliyefariki mwaka uliopita na mtoto tumboni, akilisubiri gari hilihili. Alisikiliza mara tatu ili asije akamsingizia. Kisha akazima injini, akanawa mikono kwa sabuni ya unga, akapanda ofisini kumwomba karani faili la matengenezo.

Kadi ya siku ya msiba ilikuwemo. Ilisema kwamba Jumanne ile gari lilikuwa gereji, injini inamisi, silinda ya tatu haiwaki. Mwandiko ulikuwa wa karani. Saini ilikuwa ya Fundi, na Jumanne ile Fundi alikuwa mbali, mwendo wa siku mbili, akimuuguza mama yao. Gari aliliacha zima kabisa.

Hapa lazima isemwe, maana mwenyewe hakuficha. Gereji iko chini mwisho wa uwanja, ofisi iko juu, na kadi moja ilikuwa ikimpandisha na kumshusha nusu siku. Kwa hiyo Fundi alikuwa akisaini kadi tupu, rundo zima kwa mpigo, na karani akizijaza baadaye. Muuguzi alifanya hivyo, dereva alifanya hivyo. Waliita kurahisishiana kazi, na kazi kweli ilirahisika.

"Gari lilikuwa wapi?" aliuliza.

Karani alizipanga kalamu zake upya. "Lilikuwa linabeba mchanga. Mkuu wa kituo anajenga."

"Safari ngapi?"

"Nne. Katika ya tatu ndipo walipokuja kuliomba kwa ajili ya wifi yako." Halafu akaongeza, bila kuulizwa, kwamba ugonjwa wa silinda ulianza kesho yake asubuhi. Gari lilikuwa limeandikiwa ugonjwa, likaugua. Fundi aliona inaelekea. Alishawahi kuona magari yakiugua kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Akachukua kadi mpya, akaijaza mwenyewe: Jumanne ile gari lilikuwa zima. Lilibeba mchanga wa Mkuu. Maneno ya kadi ile si yangu, ila saini ni yangu. Aliiweka juu ya bampa, akawasha. Silinda zote sita zikawaka, laini kama cherehani, na plagi ya tatu alipoichomoa ilimuunguza vidole. Basi akaipeleka kadi kwa Mkuu wa kituo.

Mkuu aliisoma yote, kwa adabu. "Fundi," alisema, "kadi ikishaingia kwenye faili haitoki. Wewe ni mtu mzima, unaelewa." Akaikunja mara mbili, akainama, akaiweka chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba. Meza ikatulia. Nje, injini ikaanza kumisi.

Mchana Fundi alikwenda kwa kaka yake. Alimkuta anashona sare za shule.

"Kaka, siku ile gari halikuwa bovu."

Kaka yake alishona mpaka mwisho wa mshono. "Mkuu alinionyesha kadi," alisema. "Nikaona saini yako. Nikasema basi, kama ni dada yangu kasema gari bovu, ni bovu. Sikumuuliza mtu tena. Nikaenda kuzika."

"Nilisaini tupu."

"Tupu."

"Tupu, kaka. Nisamehe."

"Leo sina msamaha, dada," alisema. "Kesho sijui."

Fundi alilia palepale, mtu mzima na ovaroli lake, machozi yakidondokea sare za watoto wa watu. Kisha akamweleza habari ya sauti iliyo ndani ya injini, na swali lake. Kaka yake alingoja amalize, akavaa koti, akasema, "Nipeleke nikamsikie."

Dereva aliwapandisha mlima wa hospitali kubwa. Katikati ya mlima sauti ikauliza, "Limefika?" Dereva alifungua mdomo ajibu kama kawaida, mshonaji akamzuia kwa mkono.

"Halikuja, mke wangu," alisema. "Lilikuwa linabeba mchanga."

Gari halikuzima. Milima minne ikapita bila swali. Mshonaji alishuka mlangoni pake, hakuaga.

Wiki iliyofuata nyumba ya Mkuu iliezekwa, na gari likakaguliwa na kuandikwa kuwa linafaa kwa matumizi. Linabeba wagonjwa kama zamani. Wifi naye yumo, ila swali lake limebadilika. Sasa anauliza, "Mchanga wa nani?" Dereva ana watoto wanaosoma, hubadilisha gia. Wagonjwa hutazama nje. Mkuu akiwa kiti cha mbele huomba redio iongezwe sauti.

Fundi peke yake humjibu, siku za Jumatano anapolitoa gari kwa majaribio. "Wa Mkuu," husema, "na saini ni yangu," polepole na kwa sauti ya kusikika, kama anayemwelekeza mgeni njia. Akirudi gereji huchomoa plagi ya tatu, huikuta baridi. Gari linatembea kwa silinda tano, na kwenye mlima unaofuata wifi yake huuliza tena, kwa upole, kama mtu aliyesikia vizuri na anangoja mwingine ajibu.