Salon ya Mashine

Kisangani, salon, yaani sebule, haikaliwi na wenye nyumba. Viti vizuri vinafunikwa napero, vitambaa vya mapambo vya lasi, watoto wanakula nyuma jikoni, na mlango unafunguliwa siku mgeni amefika. Nyumbani kwa mtu hakuna ubaya. Lakini idara nzima ya informatique, ya kompyuta, chuo kikuu, yenye maprofesa wa kuvaa tai, kuzifanyia mashine zake mambo hayohayo! Hapo mtu ana haki ya kutema mate.

Mashine zilipanda mto kwa boti kutoka Kinshasa, kumi na mbili, mpya, zawadi ya shirika moja la ng'ambo. Mkuu wa idara, Papa Hemedi, akazipanga katika chumba chenye madirisha makubwa, akamshonesha fundi napero zenye maua, kila mashine na yake, kisha akafunga mlango na kutia ufunguo mfukoni. Mfagizi aliruhusiwa kupangusa vumbi juu ya napero. Kunyanyua, hapana. Wanafunzi walipita dirishani wakichungulia kama watu wanaochungulia maiti ya tajiri.

Kufundisha kulibaki kwa Madame Colette, assistant, mwalimu msaidizi, na chaki yake. Wanafunzi waliandika programu kwenye karatasi, na mashine ikawa ni yeye. Alisoma mstari kwa mstari kwa sauti, akikimbia ubaoni kubadilisha kila namba inapobadilika, na akifika penye kosa alipiga ubao kwa kiganja.

"Erreur! Mustari ya ine! Mashini imekufa!"

"Pole sana, Madame Mashini!" darasa lilimjibu. "Tukuzike wapi?"

Zamani alicheka pamoja nao. Siku hizi alifuta ubao bila kucheka, maana kila mwaka aliwasindikiza mlangoni watu wenye diploma ya informatique ambao mashine wameijua kama wanavyoijua ndege inayopita juu ya paa. Wenye baba wa uwezo walikuwa na laptop zao. Wengine walihangaika na simu mpaka moto wa betri uishe. Waliobaki walikuwa na karatasi.

Mwaka huo, kati ya waliobaki, kulikuwa na Naomie. Mama yake anafanya biashara ya kwenda Basoko, anapakia mchele na mafuta ya mawese kwenye baleinière, zile mashua ndefu za mbao ambazo mwenye chombo hajui neno "imejaa" mpaka maji yamfundishe. Naomie aliandika programu ya kugawa mizigo: gunia hili mbele, lile nyuma, na hili libaki ufukweni lingoje safari nyingine. Colette aliipitisha mdomoni mwake asubuhi nzima na haikufa mahali popote. Akaketi, mikono myeupe kwa chaki.

"Hii inaomba mashini ya kweli," alisema.

Akaenda kwa Chef, Papa Hemedi. Alikuwa amekwenda mara nyingi, lakini safari hii sikukuu ya idara ilikuwa karibu, siku ya kuonyesha mafanikio, na Papa Hemedi alihitaji mafanikio.

"Bon, Colette. Siku ya fête, ule mutoto atawasha mashini moja mbele ya wageni na kuandika programu yake. Moja tu. Na anawe mikono."

"Na kisha fête, Chef?"

"Kisha fête tunafunika. Wewe pia, ukipewa kopo moja ya maji, unataka pipa nzima."

Kilikuwa kitu kidogo, lakini Colette alikishika. Naomie anamaliza mwaka huu. Asipogusa siku ile, hatagusa tena. Atarudi kupakia magunia na mama yake.

Siku ya fête ikafika. Uwanjani waliweka mahema, bafle za muziki na groupe, jenereta ya umeme, na akina mama walileta samaki wa liboke, waliofungwa kwenye majani, na lituma ya ndizi zilizopondwa. Maprofesa walivaa mashati ya kitambaa kimoja, kilichochapwa uso wa Papa Hemedi, na wenye vitambi walionekana wamebeba Hemedi mnene. Asubuhi, kabla ya wageni, Colette alipewa ufunguo aandae chumba. Aliingia na Naomie. Hawakufika katikati.

"Madame, kuko arufu."

Kulikuwa na harufu kweli, nzito, ya mkojo, ile inayokaa kwenye ulimi. Colette alinyanyua napero ya kwanza. Nyuma ya mashine waya zilikuwa zimetafunwa, sanduku lenyewe limetobolewa pembeni, na ndani, juu ya kitanda cha lasi na maganda ya karanga, vitoto vya panya vyekundu, bado vipofu, vilikuwa vikijikunja kama vidole vilivyokatwa. Akafungua ya pili: mavi. Ya tatu: mmoja amekufa siku nyingi, amegandamana na chuma. Colette alitoka nje akatapika kwenye maua ya idara.

Papa Hemedi alipoitwa, aliziba pua kwa mkono. Hakuwa mtu wa kushangaa muda mrefu.

"Funika. Leta parfum."

"Chef, mashini zimekuliwa!"

"Juu iko safi, ao hapana? Bwana Landry wa shirika anakuja kuona, hakuje kulala ndani. Na ule mutoto asimame tu karibu, acheke. Hakuna kuwasha."

"Ulisema ataandika."

"Nilisema wakati panya hakukuwa."

Naomie alisimama kando ya mlango na karatasi zake kifuani.  

Mchana wageni waliingia, Bwana Landry mbele. Huyo ndiye mjumbe wa shirika lililotoa mashine, ametoka Kinshasa, viatu vinang'aa. Chumba kilinuka waridi juu na panya chini. Alitoa leso, akajifanya anajifuta jasho, leso ikabaki puani.

"Hapa," alisema Papa Hemedi kwa sauti ya bafle, "watoto wetu wanatumika na mashini hizi usiku na muchana!"

"Na zimebaki mpya hivi?" Bwana Landry alishika ua la napero. "Donc mnajua kutunza. Nitaandika waongeze ingine ishirini."

Makofi yakapigwa. Papa Hemedi alikuwa keshageuka kumnong'oneza mtu habari ya kitambaa cha kushona napero mpya. 

"Madame Colette atatoa neno ya shukrani," akasema Chef.

Colette alikwenda mezani. Alishika napero ya kwanza akaivuta, akavuta ya pili, akaendelea hivyo mstari mzima. Panya mama aliruka juu ya meza, akapita katikati ya viatu vinavyong'aa, na profesa mmoja akapanda kiti.

"Ni wa biolojia!" alipiga kelele Papa Hemedi. "Ule panya ni wa idara ya biolojia, ametoroka!"

Watu wakacheka. Walicheka kweli, kwa raha, kama waliookolewa. Wakati wanacheka, Naomie alifika kwenye mashine ya pembeni, ambayo sanduku na waya vilikuwa bado vizima. Alipangusa mavi kwa kiganja, akachomeka waya, akabonyeza. Umeme wa groupe ulikuwepo. Taa ikawaka, feni ikakohoa, na kioo kikaandika kwa herufi kubwa, kila mtu akasoma: Bienvenue. Chagua lugha yako. Chagua nchi yako.

Mashine huuliza hivyo siku ya kwanza tu ya maisha yake, ikiwashwa kwa mara ya kwanza. Kila aliyekuwa chumbani alilijua hilo. Ilikuwa idara ya informatique.  Bwana Landry alitazama kioo, akatazama saa yake.

Papa Hemedi akapiga makofi.

"Mumeona! Inajua luga zote!"

Na makofi yakaitika. Wote wenye uso wake tumboni walipiga, na Bwana Landry naye akapiga, taratibu, kisha akauliza chakula kiko upande gani. Wakatoka wakisukumana. Liboke ilikuwa inapoa.

Chef alibaki mlangoni.

"Umeniaibisha, Colette. Lundi asubui, kazi ikianza, unakuja kwa bureau yangu."

"Lundi asubui niko na somo humu ndani, Chef. Ufunguo ninao. Ukitaka kuniona, kuja hapa."

Chef alimtazama, akatazama mezani, pua ikamshinda, akafuata samaki.

Naomie alichagua lugha. Akachagua nchi. Colette alichomeka flash yake, akaweka kinachohitajika, akampisha kiti. Wanafunzi wengine walianza kujipenyeza, wakisimama juu ya maganda na uchafu, na hakuna aliyeziba pua. Naomie alitandaza karatasi yake ya kwanza, akaanza kuandika kwa kidole kimoja, herufi moja, halafu nyingine, akizitafuta kila mara. Akakwama.

"Madame, kufungua mabano ni wapi?"

Miaka mitatu ya programu, na aliyafungua mabano maelfu kwa kalamu. Colette aliinama juu ya vile vibonye vilivyonuka mkojo, na naye pia, mtu wa chaki, ilimbidi ayatafute mabano herufi kwa herufi.