Meno ya Fundi Cherehani

Saa mbili kasorobo asubuhi fundi cherehani alikuwa anakunja pindo la sare ya shule, na uzi ulipofika mwisho akaukata kwa meno. Mkasi ulikuwa papo hapo mezani. Lakini mtu aliyekata uzi kwa meno miaka ishirini na sita haoni sababu ya kunyoosha mkono. Jino lake la mbele lilikuwa limeliwa na uzi mpaka likawa na kijipengo, kama ukingo wa kikombe kilichogongwa kwenye bomba.

Alipoinua macho, mama yake alikuwa anatoka chumba cha ng'ambo ya ua. Mama alikuwa haoni. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya mgongo wa mbwa, na mbwa alikwenda hatua moja akasubiri, hatua nyingine akasubiri, mpaka wakapita mfereji na kutoka langoni. Walikuwa wanakwenda karakana ya seremala, upande wa pili wa barabara kuu, ambako mama alisuka vikalio vya viti kwa kamba za plastiki. Fundi aliwahesabia hatua zao kama mwenyeji mchoyo anavyohesabu matonge ya mgeni.

Mama alitakiwa akae kwake. Yeye ndiye kifungua mimba, chumba chake ndicho kikubwa, na kitanda alikwisha kukitandika. Mama akaenda kwa mdogo wake fundi, dobi.

"Kwa mwenzako kizingiti ni kifupi, mwanangu," alisema mama. "Kwako nitajikwaa."

Fundi akaita mwashi, kizingiti kikavunjwa mpaka kikalingana na ardhi. Mama akasema ni kazi nzuri, ila ameshazoea kule.

Mbwa wenyewe walikuwa wa tumbo moja. Dobi alipoleta mtoto wa mbwa kwa ajili ya mama, fundi alikwenda kesho yake nyumba ileile akachukua pacha wake. Walikuwa wa ile aina ya kichwa kipana ambayo watu huiita vichwa-nyundo. Wa dobi akaitwa Taratibu, akawa analala miguuni pa mama. Wa fundi akaitwa Kamata, akafungwa chini ya ngazi kwa mnyororo usiozidi urefu wa mtu mmoja. Chakula alipewa siku kilipokumbukwa. Na kila mama alipocheka kule ng'ambo, fundi aliinuka kwenye cherehani, akachukua rula yake ya mbao, akaenda chini ya ngazi.

"Dada, huyo mbwa umemfunga kama mwizi," alisema dobi. "Kakuibia nini?"

"Kwani wako anakuamkia shikamoo? Niache na wangu."

Mnyororo ulikatika siku ya Jumanne, na Kamata akamng'ata fundi viatu kwenye shavu la mguu. Fundi viatu akakaa kwenye kigoda chake, akaosha kidonda, akakitazama kwa makini kama anavyotazama kiatu cha mteja.

"Hili tundu si la mbwa," alisema. "Mbwa anatoboa kama sindano ya gunia, huku mbili na huku mbili. Hapa pamekwenda safu. Halafu katikati pana kijinafasi." Akamgeukia fundi cherehani. "Fundi, hebu cheka kidogo."

"Sina la kuchekea."

"Mwache," alisema muuza mkaa. "Meno hayo tunayajua sote."

Kwenye zahanati muuguzi aliandika "ameng'atwa na mtu mzima, mwanamke, kupitia mbwa", akampa sindano ya mbwa na sindano ya mtu, akaita mgonjwa mwingine.

Baada ya hapo aling'atwa mchota maji, kisha mwanafunzi mmoja mkononi. Kijipengo kilikuwapo kila mara. Wazazi waliwaonya watoto wao, "Msipite pale, mtang'atwa na fundi." Wakimaliza kusema hivyo waliongeza, "Vichwa-nyundo ni wabaya, ndivyo walivyozaliwa." Hawakuona kwamba maneno hayo mawili yanagombana. Taratibu alipopita na mama, watu walikunja miguu barazani, na mwenye mtoto alimbeba. Mama alizisikia ndala zikikimbia, akauliza kuna nini. Fundi alipolisikia swali lile siku ya kwanza, alikula akashiba, jambo ambalo halikuwa limemtokea muda mrefu.

Mwisho wake alikuja karani wa mifugo, na gari lenye wavu nyuma, na fimbo yenye kitanzi. Vichwa-nyundo wote wa mtaa walikuwa wachukuliwe, na wakichukuliwa hawarudi.

"Huyu hajamgusa mtu," alisema dobi, akasimama mbele ya Taratibu.

Karani alikuwa mtu wa haki. Alitoa mche wa sabuni mfukoni, akaukata vipande viwili, akampa kila mbwa kipande aking'ate. Cha Kamata kilitoka na safu ya meno na kijipengo katikati. Taratibu alikishika chake kinywani, akamrudishia karani kikiwa kimelowa tu. Alipolazimishwa, akaacha alama ndogondogo zilizobanana, kama meno ya dobi. Karani alipima vyote viwili kwa futi kamba.

"Ni vilevile kila mahali," alisema. "Juzi mtaa wa juu, meno yalikuwa ya mwenye baa. Hata jino lake la bandia lilionekana."

"Basi mwenye kosa si unamwona?" aliuliza dobi.

"Namwona. Lakini fomu inauliza aina ya mbwa. Haiulizi aina ya mwenye mbwa." Akaigeuza karatasi. "Ila chini hapa kuna mstari. Mwenye mbwa akikiri kwamba meno ni yake, nachukua mbwa wake peke yake. Huyu mwingine anabaki."

Akamnyooshea fundi kalamu.

Mama alikuwa ameshatoka na kusimama mlangoni. Mkono wake ulikuwa juu ya kichwa cha Taratibu, vidole vikimkuna nyuma ya sikio, polepole, kama mtu anayechambua mchele. Fundi aliutazama mkono ule. Alijaribu kukumbuka mara ya mwisho ulipomgusa yeye kichwani, akarudi nyuma miaka mingi, asiipate.

"Dada," alisema dobi. "Tia saini. Nakuomba, dada yangu."

"Mimi sijamng'ata mtu," alisema fundi.

Karani akafunika kalamu. Kamata aliingia garini kwa kuburutwa. Taratibu aliingia mwenyewe, hatua moja akasubiri, hatua nyingine akasubiri.

"Sasa mimi nitavushwa na nani?" aliuliza mama.

"Na mimi, mama," alisema fundi kabla mtu mwingine hajafungua mdomo.

Kabla mwezi haujaisha, fundi alileta mbwa mwingine, mdogo, mweupe, mwenye manyoya ya kujikunja, wa aina ambayo hakuna aliyewahi kuisikia ikisemwa vibaya. Akamfunga chini ya ngazi. Muuza mkaa ndiye aliyeng'atwa kwanza, kwenye kifundo cha mguu, safu nzima na kijipengo. Watu wakasema kumbe hata hawa wa manyoya si wa kuaminika, na karani akaongeza mstari wa pili kwenye orodha yake ya mbwa wa kuchukuliwa.

Mama alihamia kwa fundi, kwa kuwa dobi alitoka kwenda kazini alfajiri na hapakuwa na wa kumtoa. Kila asubuhi fundi anaacha cherehani, anakwenda naye karakana. Siku ya kwanza alimpa mama bega. Mama hakulishika. Mkono wake ulibaki chini, usawa wa mgongo wa mbwa, ukipapasa hewa, na hata aliposhikwa na kuinuliwa ulirudi palepale. Fundi akaona isiwe taabu. Akainama, akainama tena, mpaka shingo yake ikafika chini ya kiganja.

Wapita njia waliwaamkia, wakaendelea na safari zao. Walipofika ukingo wa barabara kuu, mama alisikiliza magari, akamkuna fundi nyuma ya sikio.

"Kaa," alisema mama.

Fundi akakaa.