Pipa la Nati

Umeugeuza uso. Usikatae. Ulisimama mbele ya dirisha la duka, ukaona jiwe jekundu limelazwa juu ya kitambaa cheusi, ukasema, "Lo, linavyong'aa!" Nyuma ya jiwe palikuwa na mlango wazi, na nyuma ya mlango mtu alikuwa anakohoa. Ulisikia. Kikohozi kile kinavuka barabara. Lakini wewe ulitazama bei, mlango hukuutazama.

Basi leo utasikiliza.

Mle ndani kuna gurudumu la kusagia linaloendeshwa na umeme, na mbele yake kiti cha mbao kilicholika kwa kukaliwa. Fundi anakaa, anashikiza jiwe kwenye gurudumu, vumbi jeupe linamwingia puani. Kavu, bila tone la maji, maana tajiri, mwenye duka, anasema maji yanachelewesha kazi. Hapo alikaa fundi mmoja aliyeitwa Mcheshi. Alipokufa wakasema baridi ya kifua. Akakaa Msumari. Naye alipokufa wakasema pumu. Magonjwa yanabadilishwa majina, kiti ni kile kile. Wenye kusahau wakasahau, wakanunua shanga.

Nati hakusahau. Walimwita hivyo kwa sababu tangu utoto hakupita jalalani bila kuokota nati, skrubu na vipande vya waya, na ukubwani akawa fundi wa feni na pasi. Sasa kitini pa Msumari alikaa kaka yake wa tumbo moja, Kioo, aliyepata jina kwa sababu jiwe lililotoka mikononi mwake ungeweza kulitazama ukanyoa ndevu. Kioo alikuwa ameanza kulala ameketi, maana akilala chali pumzi inamkataa. Daktari alimpiga picha ya kifua akasema vumbi la mawe limejaa mapafuni, na likishaingia halitoki. Kilichobaki ni kutoliongeza.

Nati akamfuata tajiri dukani.

"Mawe yanaweza kusagana yenyewe," akamwambia. "Ndani ya pipa linalozunguka, kwenye maji. Hakuna vumbi, hakuna mtu wa kukaa mbele ya gurudumu."

Tajiri akacheka. "Dada yangu, mawe yako yana akili kuliko watu?"

"Yana subira kuliko watu."

"Haya. Nionyeshe yanayong'aa kama ya kaka yako, nami gurudumu nalizima. Kioo apumzike kwanza. Lakini nakwambia mapema: ukishindwa, kiti changu hakikai kitupu. Asipokaa yeye, atakaa mwingine."

Nati akarudi nyumbani, akamwaga magunia yake uani. Akatoa mota ya mashine ya kufulia iliyokufa. Chuma cha kitanda kilichovunjika kikawa fremu. Akachukua fito mbili za chuma, akazivisha mpira wa tyubu ya baiskeli zisiteleze, akazilaza sambamba juu ya beringi. Juu ya fito akaweka pipa: ndoo ya rangi yenye mfuniko wa kukaza, ndani ameitandika mpira. Fito zikizunguka, nalo pipa linazunguka.

Alipowasha, pipa lilikwenda mbio mpaka mawe yakaganda ukutani mwake kama watoto waliogoma kutoka kitandani. Hayakuporomoka, na jiwe lisiloporomoka halisagi kitu.

Kesho yake wifi yake, mke wa Kioo, akatoka jikoni kashika kiuno. "Wifi! Mifuniko yangu miwili ya sufuria iko wapi?"

"Imepata ajira."

Nati alikuwa ameigusanisha mifuniko migongo kwa migongo na kuikaza kwa bolti, na kati ya kingo zake ukapatikana mfereji wa kupitishia mkanda. Likawa puli kubwa la kupunguza mwendo.

"Mwizi wewe! Wali wangu nifunike na nini, mkono?"

"Funika na mdomo, wifi. Unatosha."

Kioo alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, nao wawili wakangoja kimwachie.

Pipa likaanza kwenda polepole, mawe yakiporomokeana kwa sauti ya mtu anayetafuna barafu. Kwanza maji na unga mkali wa kusagia, wa kula kona. Kisha unga wa kati, kisha laini, na mwisho unga wa kung'arisha. Kila hatua inataka siku zake, na kila hatua Nati aliosha pipa, mawe na kucha zake, kwa sababu chembe moja ya unga mkali ikiingia kwenye ung'arishaji, inachana kila jiwe lililomo. Majirani wakalalamikia kelele. Nati akawaambia wavumilie, ni mashine inayosaga kifo.

Ikabaki siku chache. Tajiri akasema atakuja mwenyewe kushuhudia pipa likifunguliwa.

Akaja, kakunja suruali asichafuke. Nati akafungua, akamimina mawe kwenye beseni, akayasuuza, akainua la kwanza juani.

Lilikuwa limechanika. Mistari myembamba, kama paka kalikanyaga. La pili hivyo hivyo. Beseni zima.

"Nani kafungua pipa?" Nati aliuliza.

Kioo aliinamisha kichwa. "Nimeonja moja tu."

Lazima ujue, kila fundi wa mawe hulamba. Jiwe likilowa linakuonyesha uso wake wa mwisho, na ulimi uko karibu kuliko maji. Siku zile za mwisho Kioo alikuwa ukutani kivulini, anachagua mawe ya mkupuo unaofuata na kuyapimia unga wake, mikono yake imejaa unga mkali. Hamu ikamshinda. Alichukua moja pipani, akalifuta kwa kidole gumba, akalilamba, akatabasamu, akalirudisha.

"Lilikuwa zuri, Nati," alisema. "Wallahi lilikuwa zuri."

"Nirudie kutoka unga laini," Nati alimwambia tajiri. "Wiki chache tu."

"Gurudumu linamaliza jiwe kabla chai haijapoa. Kesho asubuhi nataka mtu kitini." Akakunjua suruali, akaondoka.

Nyumba ile ilikula kutoka kwenye kiti kile; feni na pasi za Nati hazikutosha hata unga wa uji. Kioo akainuka kutafuta shati lake la kazi. Mkewe akamshika bega, akamkalisha.

"Nakwenda mimi."

"Wifi, hapana."

"Unataka aende yeye? Sema basi."

Nati akamtazama kaka yake, kisha wifi yake.

"Usinitazame kama maiti," wifi yake alisema. "Mifuniko umekula, sasa nakukopesha mapafu. Fanya haraka ulipe."

Sasa vinazunguka vitu viwili. Pipa linazunguka uani, polepole, na Nati kalifunga kwa kufuli. Dukani gurudumu linazunguka kavu, na wifi yake anarudi jioni kope nyeupe, anachekesha watu kwamba kamtangulia mumewe uzee. Kioo anamwosha nywele kwa maji ya vuguvugu.

Juzi, akioshwa, alikohoa. Mara moja tu, kama mtu anayesafisha koo. Nati alisikia. Kioo alisikia, mkono ukasimama kichwani mwa mkewe, kisha ukaendelea. Wote watatu wakajifanya ni maji yamempalia.

Na wewe umesikia.

Jiwe halikimbizwi, Nati hawezi kulizungusha kwa kasi zaidi ya linavyotaka. Wewe waweza kukimbia. Nenda dukani leo, kabla hawajafunga. Wakikupa lile jiwe jekundu mkononi, liweke chini. Muulize tajiri, kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma: lilisagwa kavu au kwa maji? Akisema kavu, mwambie utangoja la pipa, na uliye naye atangoja, na mtaa mzima utangoja. Akibabaika, pita, ingia mlango ule uliokuwa ukiukwepa. Swichi ya gurudumu iko ukutani, mkono wa kushoto.

Inuka ukaizime.