Cheti cha Neno "Hand"

Jumanne, saa mbili na nusu asubuhi, Mwalimu Asma alishuka kwenye pikipiki mbele ya ofisi moja ya vyeti pale Kasongo, akakung'uta vumbi la barabara ya Kabambare, kisha akafungua kamba ya mpira ili neno "hand" nalo lishuke. Neno lilikuwa limekaa nyuma kabisa. Herufi yake ya mwisho, ile d ndefu, ilinasa matawi ya mianzi kila kona, na dereva alilalamika njia nzima.

Mkaguzi wa shule alikuwa amepita Kabambare na kuagiza kwamba kila kilichomo darasani kiwe na cheti cha kuzaliwa: mlango, ubao, walimu na maneno. Mlango ulipata chake upesi, maana fundi wake yu hai. Neno "table" nalo halikusumbuliwa, kwa kuwa wazee wake ni Wafaransa na wanajulikana. Walibaki wawili: "hand", na Asma mwenyewe, aliyelifundisha ubaoni kwa miaka tisa. Asiyekuwa na cheti kufikia Ijumaa hataingia darasani.

Ndani ya ofisi benchi lilikuwa limejaa. "Hand" likakalia h yake, ambayo ni kiti kizuri chenye mgongo. Mama Régina, aliyekuja kuandikisha mapacha, alikitazama kile kiti kwa wivu, akauliza kama kule kijijini Lusangi kuna fundi anayeweza kutengeneza kingine.

Karani aliitwa Hippolyte. Alikuwa mtu mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni, na swali la asili alilipenda kama wengine wanavyopenda sombe, mboga ya majani ya muhogo.

"Mwalimu Asma, umerudia," alisema. "Kijiji ya babu ni gani?"

"Nilikuambiaka, Papa Hippolyte. Baba ya babu walimukamataka akiwa mutoto, wakamuleta na kamba ku soko ya watumwa ya Nyangwe. Jina ya kijiji hakuijuaka."

"Na mbele ya Nyangwe?"

"Hakuna mutu mwenye kujua."

"Basi asili haiko. Bila asili, cachet, ile muhuri, haiangukie juu ya karatasi."

Hii ilikuwa mara ya saba. Hippolyte aliikunja fomu kwa upole na kuiweka chini ya jiwe la kubania karatasi, pamoja na zile sita. Mtoto aliburutwa kwa kamba, na sasa kitukuu wake anadaiwa anwani! Inaudhi, na sijui mtu awezaye kulieleza jambo hilo bila kuona haya. Hippolyte alilieleza vizuri tu, kisha akaita anayefuata.

"Hand" likasogea na kiti chake.

"Kazi?"

Neno lilitaja kazi zake bila haraka. Kwa Waingereza ni mkono wa mtu, ni mshale wa saa, ni kibarua wa shambani na baharia wa melini, ni karata alizoshika mchezaji, ni mwandiko, ni msaada kwa mwenye mzigo. Farasi naye hupimwa urefu kwa hilohilo. Hippolyte alisikiliza mpaka mwisho, akaandika: "Débrouillard," yaani hodari wa kujitafutia.

"Na asili?"

"Niko na ndugu Ujerumani na Uholanzi, tunafanana sura," lilijibu neno. "Lakini muzee wetu wa kwanza, hakuna mwenye kumujua. Kuko wasomi wenye kusema labda tulitokaka ku neno moja ya zamani, ya kukamata watu mateka. Nao hawana hakika."

Asma aligeuka kulitazama. Miaka tisa ubaoni, na halikuwahi kumwambia.

"Kukamata," alisema Hippolyte akiandika. "Na mbele ya pale?"

"Haijulikane."

Akaandika "haijulikani" kwa mwandiko mzuri wa kulala, akapuliza wino ukauke, akapiga muhuri.

"Papa Hippolyte," alisema Asma, "ile ni jibu yangu."

"Ile ni mugeni, Mwalimu. Mugeni hatumuulizake sana. Weye uko mutu ya hapa."

"Ya hapa wapi?"

"Ile njo yenye tunatafuta."

Ilibaki alama ya kidole gumba. Neno lilijikagua kutoka h mpaka d, likakuta halina kidole. Sheria inaruhusu shahidi kuweka chake, kwa hiyo Hippolyte alimsogezea Asma kibweta cha wino. Asma akabonyeza gumba lake kwenye cheti cha mwenzake, maana waliondoka pamoja nyumbani na walipaswa kurudi pamoja.

Ijumaa, mkaguzi alisoma cheti cha "hand", akalinyoshea mkono wa pongezi, akakosa mkono wa kuupokea, akalifungulia mlango. Asma akabaki nje, kwenye dirisha.

Neno lilisimama ubaoni. Sarah-Grâce, wa benchi la mbele, akauliza lina maana gani. "Hand" lilifikiri, lakini halikuwa na cha kuonyesha. Likaelekeza d yake dirishani. Asma akainua mkono juu, gumba bado lina wino wa bluu, na wanafunzi arobaini na wawili wakainua yao, wakalisoma neno kwa sauti.

Mkaguzi aliandika kwamba somo lilikwenda vizuri na kwamba mwalimu hakuwepo.