Buibui Yenye Kuitwa Kavugho

Kule Mususa, mutu akikuja kununua makala, hakamate gunia yenye iko karibu. Anataka aingie mwenyewe ndani ya depo, apige gunia kofi, asikilize sauti yake, atoshe kipande moja na kukivunja mu mukono. Ni vile batu ya Butembo biko. Bananunua kwa macho na kwa bidole. Na ile tabia ndiyo ilikuwa inamukosesha Mama Hulda usingizi, juu nyuma ya magunia yake kulikuwa mutoto wake, amejificha.

Ule mutoto alikuwa Orpa, wa miaka kumi na saba. Kule Mangina kwabo, komanda moja alimukamata akamufanya bibi kwa nguvu. Baba yake alienda kumuomba amuachilie, hakurudia. Orpa alikaa mu nyumba ya komanda miezi mine, kisha siku moja ya mvua kubwa akatoroka. Asubuhi Mama Hulda alikuwa tayari mu barabara ya Butembo na mabinti yake mbili, hata mulango hakufunga. Lakini habari ilibafuata: ku ma barrière yote ya njia, basoda ya komanda banatafuta mama moja mwenye mabinti wawili, Masika na Kavira.

Juu mutoto wa Munande, kabila ya kule Butembo, anazaliwa na jina yake tayari. Binti wa kwanza ni Masika, wa pili ni Kavira, wa tatu ni Kavugho. Jina ya ubatizo inakuja nyuma. Orpa alikuwa Masika. Hadassa, mudogo wake wa miaka kumi na tatu, alikuwa Kavira.

"Tangu leo niko na binti moja tu," Mama Hulda alisema siku bilipata kale kanyumba ka Mususa. "Hadassa, weye ndiye Masika. Mutu akikuuliza, weye ni Masika. Umesikia?"

"Ndiyo, mama."

"Na Kavira?"

"Hakuna Kavira."

"Hakuna. Hajazaliwa."

Hadassa alikuwa mutoto wa haya sana. Ku masomo, mwalimu akimuita, anasimama, anaangalia kiatu yake, maneno inakauka mu koo mupaka mwalimu anachoka anaita mwingine. Mama yake alijua ile. Alikuwa anajifariji: mutoto wa vile hawezi toa siri.

Wazo ya buibui ya kulinda depo ililetwa na tonton Ésaïe, mudogo ya mama, mwenye alikuwa anafika na lori ya makala kutoka Mabalako.

"Dada, mbwa hakuna mutu anaogopa tena," alisema. "Mbwa banaipiga sasi ya bunduki. Lakini buibui ya pori? Hata komanda ataruka sawa mbuzi."

Safari yenye ilifuata, alishuka na makopo matatu yenye kufungwa na kamba ya migomba. Akamuita Hadassa ndani ya depo.

"Chagula, mama. Weye ndiye utailisha, basi weye uchagule."

Ya kwanza ilikuwa ya ku miti, kijivu na madoa. Tonton alifungula kifuniko kidogo tu, na tayari ilikuwa imefika juu.

"Hii ni mbio mingi. Ikitoka, utaikuta mu kitanda yako. Na ikikuluma, homa ya siku tatu."

Alifunga mbio mbio. Ya pili ilikuwa nyeusi sawa makala yenyewe, miguu mirefu, na tumikono twa mbele tumevimba ku mwisho sawa mutu amevaa gants ya kupigana ngumi. Hadassa alinyoosha kidole.

"Ile hapana," tonton alisema. "Ni dume. Dume ikishakomaa, hailale, haikule. Inatembea tu mu nyumba za batu kutafuta bibi, na kisha miezi kidogo inakufa. Ni sawa basoda."

Nyuma ya magunia, Orpa alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza acheke tangu Mangina.

Ya tatu ilikuwa rangi ya udongo ya shamba ya kahawa, kubwa kupita kiganja ya tonton, miguu ya nyuma minene kuliko ya mbele. Haikukimbia. Ilisimamisha miguu miwili ya mbele, ikaonyesha meno yake na manyoya myekundu ku kinywa, na ikatosha sauti kama mafuta mu kikaango.

"Hii ni jike. Nilipata shimo yake chini ya kahawa, na utando ku mulango sawa rido ya dirisha. Niliingiza jani, ikashika jani, ikakatala kuachilia. Jike inaishi miaka kumi, na zaidi. Haitafute mutu. Lakini uingize mukono kwake, utaona."

"Inakaa mu shimo yake tu?" Ilikuwa sauti ya Orpa. "Haitoke?"

"Haitoke."

"Basi Hadassa, kamata ile."

Bilikata bidon ya manjano ya kuchotea maji, bikaweka udongo mubichi na ganda ya muti, juu yake trelli ya waya, na bidon bikaiweka pale pale mu mulango ya depo, fasi mutu hawezi pita bila kuiruka. Hadassa alikuwa anailisha mende. Siku moja aliipatia esenene, panzi yenye batu banapenda kula, na Mama Hulda alipiga makofi:

"Esenene! Shiye tunakula fufu na chumvi, na ile nyama yako inakula esenene?"

Lakini buibui ilifanya kazi. Shemasi moja mwenye tumbo kubwa, ule wa kugusa magunia yote mupaka ya mwisho, aliona miguu inapanda mu bidon, akarudia nyuma hatua tatu. "Mama Masika, unichagulie weye mwenyewe tu. Miye nakuaminia."

Mangaribi, kama mulango ya njia imefungwa, Hadassa alikuwa anakaa chini karibu na bidon, na Orpa upande ingine ya magunia, anakohoa vumbi ya makala ndani ya kitenge ili sauti isitoke.

"Haina jina," Hadassa alisema.

"Miye Masika, weye Kavira," Orpa alinong'ona. "Mudogo wetu ni nani basi?"

"Kavugho."

"Voilà."

Hadassa alipenda ile jina kuliko kitu yote. Mu njia, ku masomo, hata ku kanisa, alikuwa Masika wa uongo. Lakini akiita "Kavugho", alikuwa anajua kama mbele ya Kavugho kuko Kavira, na mbele ya Kavira kuko Masika wa kweli.

Halafu Élise, jirani wabo, alikuja kununua makala ya mama yake. Élise alikuwa mutoto wa makelele, rafiki ya masomo yote, na siku ile aliinama juu ya bidon macho wazi. "Yesu! Ni yako? Inaitwa nani?"

Hakuna mutu alikuwa amewahi kumuuliza Hadassa kitu kwa sauti ya vile. Alijikuta anajibu, na furaha: "Kavugho."

Kisha siku mbili, masomo muzima ilijua kama kwa Masika kuko buibui kubwa sawa sahani. Batoto bilianza kuja. Na Siku ya Posho, ndiyo Jumamosi, saa sita ya mchana, Mama Hulda akiwa ku soko, Élise alileta Salomon.

Salomon alikuwa kijana Munande mwenye alikuwa anakaa na basoda ku barrière, anabasomea makaratasi, anabageuzia maneno. Alikuwa na saa kubwa ku mukono na kicheko ya karibu.

"Nionyeshe ule shetani," alisema. Aliangalia, akapiga mulunzi. "Eh, mukubwa! Jina?"

"Kavugho!" Élise alijibu.

"Kavugho." Salomon alicheka. Kisha kicheko ikapunguka. "Na weye, mudogo wangu, jina yako ya nyumbani?"

"Ni Masika," Élise alisema tena. "Hasemake, huyu. Ana haya."

Salomon alitosha kidole gumba. "Masika." Akaruka kidole ya pili, akatosha ya tatu. "Kavugho." Akaangalia kile kidole kyenye kilibakia kati. "Na Kavira alienda wapi?"

Ilibaki Hadassa aseme neno moja tu: alikufa. Mu kila nyumba ya Butembo kuko mutoto mwenye alikufa, hakuna mutu angeuliza zaidi. Hadassa aliangalia kiatu yake. Neno haikutoka.

"Sawa," Salomon alisema polepole. Alimugusa ku kichwa sawa kaka. "Sawa, Masika. Lisha vizuri mudogo wako."

Alienda. Élise alienda na yeye, akiongea njia yote.

"Nani alikuja?" Orpa aliuliza nyuma ya magunia, na sauti ya mutu mwenye ametoka mu usingizi.

"Batoto tu," Hadassa alisema.

Mama Hulda alirudia saa nane. Tangu saa nane mupaka saa kumi na moja kulikuwa wakati ya kutosha: kupitisha Orpa nyuma ya rugo ya nyumba, kumufikisha kwa batu ya kanisa ngambo ya muto. Mara tatu Hadassa alikuja mu jikoni, akasimama nyuma ya mama yake, akafungula kinywa. "Masika, leta maji," mama alisema. Akaleta maji. "Masika, hapana simama pale sawa nguzo." Akatoka.

Bilifika saa kumi na moja, fufu ikiwa ku moto. Salomon, na basoda wawili. Mama Hulda alipiga magoti bila kuuliza kitu. Soda wa kwanza alienda moja kwa moja ku depo, akapiga bidon teke. Trelli ikaanguka, Kavugho akasimama na miguu yake miwili juu, akalia ile sauti ya mafuta, na ule mwanaume na bunduki yake akaruka mupaka mu njia.

"Ndoki! Ni bulozi! Miye siingie pale!"

Mwenzake alikatala pia. Kidogo tu, Hadassa aliwaza kama tonton alisema kweli. Kavugho atatuokoa.

"Kwa nini kuingia?" soda wa pili alisema. "Ni makala. Leta moto."

Alikamata kijinga ya moto chini ya chungu ya fufu. Mama Hulda alilia jina moja, akiita mwenyewe wa kweli: "Masika!"

Orpa alitoka. Alikuwa mweusi muzima, nywele, midomo, macho tu ndiyo myeupe. Aliinama, akasimamisha bidon na mikono miwili, akaisogeza mbali na moto, polepole, sawa mutu anasogeza mutoto mwenye kulala.

"Masika ni miye," alibaambia. Kisha, akipita: "Kavira, hapana sahau kumupatia maji."

Bilienda na yeye juu ya lori ya ku Mangina, kabla ya giza.

Mama Hulda hakuulizaka nani alisema. Alirudishia kuuza makala. Sasa mutu anaweza kuingia mwenyewe, apige gunia yenye anataka, bidon iko ku kona. Hadassa anakaa pale na mende mu kiganja. Kavugho anatoka mu shimo nusu, anakamata, anarudia. Miaka kumi, na zaidi, tonton alisema.

"Kavira!" mama anaita kutoka jikoni, kwa sauti kubwa, avenue yote isikie. Hakuna sababu ya kuficha tena. "Kavira! Kuya kula!"