Waya wa Shaba Ndani ya Mpira

Mara ya pili siku hiyo gari lilipochemka mlimani, Abedi alizima injini, akashuka, akautazama mvuke asijue la kufanya. Nyuma mkewe Fatu aliketi wima, mkono kooni. Rovu lililoota shingoni mwake lilikuwa limeanza kumbana pumzi. Akilala hukoroma kama mtu anayezama. Daktari mpasuaji alikuwa akimngoja Lubumbashi Jumatatu, kisha angesafiri, na hakuna aliyejua angerudi lini. Treni haikuwa na siku wala saa. Malori yalipakia watu juu ya magunia, vumbini. Lilibaki gari hili kuukuu, na leo ilikuwa Jumamosi.

Wakarudi polepole, wakisimama kila mara kulipoza, hadi mtaa wa Panda mjini Likasi, uani kwa Kitenge, aliyekuwa fundi wa karakana ya migodi kabla mishahara haijakatika.

Kitenge hakukosa bidii. Kwa majuma matatu alikuwa amelipekua gari hilo: alizibua rejeta, akakaza mkanda wa feni, akafungua pampu ya maji akaikuta nzima, akaondoa thamostati, ile vali ya joto, kama walivyofanya mafundi wote mjini kwa kukosa nyingine. Pale uani injini ilinguruma saa nzima na mshale wa joto haukutikisika. Ikishika mlima tu, maji yanatokota.

"Papa Abedi," Kitenge alisema akijifuta mikono, "hii gari yako iko na adabu mbele ya fundi tu. Tangu lini inachemka hivi?"

"Tangu Alphonse aende."

Alphonse alikuwa fundi wa Abedi miaka kumi na mmoja, mtu wa asili ya mkoa wa Kasai aliyezaliwa papo hapo Likasi. Mwaka uliopita vijana walipita mlango kwa mlango wakiwafukuza watu wa Kasai, wakisema si wenyeji, naye akaishia stesheni na mkewe Hortense, wakilala chini pamoja na umati, wakingoja treni ya kuwapeleka nchi wasiyoijua.

"Bantu ba mutaa banasema alikuachia dawa ya uchawi ndani ya motere ya gari," Kitenge alitania, lakini hakucheka. "Mama Fatu, ingia mbele. Kanyaga mafuta sana, kama uko unapanda mulima. Weye, Papa, kuya hapa, tuangalie pamoja."

Fatu akakanyaga. Injini ikapiga ukelele, na Abedi akaona kwa macho yake: bomba la mpira la chini, lile litoalo maji kwenye rejeta kuyapeleka kwenye injini, likabonyea, likalala bapa kama utumbo mtupu. Fatu alipoachia, likainuka taratibu, likawa zima kana kwamba halijafanya lolote.

"Pampu inavuta, mupira unajifunga, mayi haipite," Kitenge alisema. "Hapa uani hatukukanyaga hivi, njo maana hatukuona. Ndani mule kunakuwaka resori, waya wa kuzunguka wa kuushikilia usilale. Nani aliitoa?"

Abedi alijua ni nani. Juma moja kabla ya watu wa Kasai kufukuzwa, mpira wa zamani ulipasuka, akaubadilisha mwenyewe. Alipouvuta, ndani yake ukatoka waya mnene wa shaba uliozungushwa kwa ustadi. Siku hizo shaba ya migodi iliibwa mji mzima, ikifichwa ndani ya matairi, ndani ya magunia ya makaa, hata ndani ya majeneza. Akafunga mpira mpya bila waya, akasema moyoni: Alphonse ananitumia kupitisha wizi wake kwenye vizuizi vya barabarani. Hakumwuliza, aliona kuuliza ni kumwaibisha mtu, na kunyamaza ni stara. Kisha vijana walipofika kwa Alphonse, wakauliza kama yuko jirani wa kumsemea, stara ile ile ikamfunga kinywa.

Alikwenda nyumbani, akarudi na kifurushi cha kitambaa. Waya ule hakuuuza, kwa kuwa aliuona haramu. Hakuutupa, kwa kuwa una mwenyewe.

Kitenge akaugeuzageuza mkononi. "Huu? Huu ulikuwa waya wa nyumba yake. Resori yako ilioza na kutu, hakukuwa ya kununua, akakata waya wa kuingiza moto wa umeme kwake. Hortense alimugombeza siku tatu! 'Weye unapenda gari ya Papa Abedi kuliko bibi yako, tuko tunakula ndani ya giza!'" Akacheka, kisha kicheko kikamfia.

"Hakuniambia."

"Angekuambia, ungekubali?"

Abedi aliugusa ule waya. "Walipokuja kwake, nilinyamaza."

"Minye pia," alisema Kitenge. "Na minye nilijua ni muntu muzuri."

Akaurudisha waya ndani ya mpira, akakaza vibanio. Fatu akakanyaga hadi mwisho, mpira haukubonyea.

Jumatatu, baada ya sala ya alfajiri, waliondoka. Walipita stesheni, Abedi asigeuze shingo. Mlima ukaja, ukapandwa, ukaachwa nyuma. Mshale ulisimama katikati kama uliopigiliwa msumari.

"Limepona?" Fatu aliuliza kwa sauti nyembamba.

"Limepona."

"Basi mbona unatoka jasho hivyo, na asubuhi ni ya baridi?"

Abedi alijifuta uso kwa kiganja.

"Ukishapona, utanisaidia kuandika barua," alisema. "Kwa Alphonse na Hortense."

"Inapelekwa wapi?"

"Sijui, Mama Fatu. Nilipaswa kuuliza wangali stesheni."