Jina la Wapokezi

Dada yangu Ginnay aliongoza utenzi wetu wa mavuno miaka hamsini. Tangu kiharusi kimpige mwaka jana, hata maji hawezi kuomba. Na ndiye huyo huyo waliyemjia wasomi watatu, siku ya tisa ya mvua, mlima uliopo juu ya majaruba yetu ukiwa umepasuka ufa wa kumeza mtu.

Efren, mtaalamu wa miamba, hakuwa na hata muda wa kuketi.

"Bibi, mlima huu uliwahi kuporomoka zamani, watu wakakimbilia mahali wakapona. Ama ni kilima cha kanisa, ama ni mwinuko wa ng'ambo ya mto. Nikikosea nitaua watu mia nne. Utenzi unapataja?"

"Unapataja. Lakini anayeujua ni huyo, na ulimi wake umekufa."

"Kuongea ndiko kulikokufa," alisema Nenita, daktari wa ubongo. "Wimbo unakaa kwingine kichwani. Mwanzishie."

"Mimi? Mimi mpokezi tu! Kiongozi anaimba, sisi tunadakia mwisho wa mstari. Tulikuwa wanane, saba nimewazika."

"Basi dakia, Bibi, tafadhali," alisema Teresita, mwalimu wa lugha, akiwasha kinasa sauti chake.

Hasira zilinipanda. Miaka yote vijana wetu walituita vyura wa majarubani, hakuna aliyetaka kusikia. Leo maji yamezidi unga, ndiyo tunaitwa bibi tafadhali! Nikatema tambuu, nikaimba kiitikio.

Midomo ya Ginnay ikatikisika. Kisha, jamani, akaimba! Sauti nyembamba, lakini maneno mazima: nguruwe wakivunja mazizi, mlima ukiguna, akina mama wakikimbia na mbegu za mpunga kifuani. Teresita alikuwa analia. Nami nikalia, nikidakia huku na kule.

"Wakapanda, wakapanda," aliimba Ginnay, "wakatua mizigo, wakapona, pale panapoitwa..."

Akanyamaza. Akanitazama.

"Amesahau?" Efren aliuliza.

"Hajasahau. Jina la mahali kiongozi haliimbi. Ni letu wapokezi."

"Basi litaje!"

Nikafungua mdomo, pakatoka pumzi tupu. Aliyekuwa akilijua ni marehemu Indangay, jirani yangu na mpokezi mwenzangu, mwenye sauti ya tarumbeta. Miaka thelathini nilimngoja yeye aanze, nami nikajikokota nyuma yake, natafuna tambuu, nawaza nguruwe zangu. Hata siku moja sikulibeba jina lile peke yangu.

Efren akanishika mabega. "Kanisa au mto, Bibi? Kanisa au mto?"

Nje watu walisimama mvuani na magodoro vichwani, wajukuu zangu wanne wakiwa miongoni mwao.

"Sijui," nilisema. "Nisameheni, wanangu. Nilikuwa nafuatisha tu."

Hakuna aliyenitukana. Laiti wangenitukana! Efren alifuta miwani yake, akatoka kwenda kuwachagulia watu njia.

Ginnay hakuelewa kitu. Aliinua mkono wake mzima, akaurudia ule mstari, akaningoja. Nikainamisha kichwa. Akaurudia tena, polepole zaidi, akinitazama mdomoni.